Jenereta Ikikataa Kuwaka: Paneli Isomwe Kabla ya Kuguswa

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Penye jenereta nzima, taa zilirudi baada ya sekunde chache na shughuli zikaendelea. Kwingine hazikurudi. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, abiria walikaa gizani kwenye baadhi ya majengo, na serikali ikaeleza baadaye kwamba jenereta iliyotakiwa kuwaka haikuwaka.

Ikiwa uwanja mkubwa kama huo uliweza kupatwa na jambo hilo, zahanati ya kijijini, kisima cha maji au kituo cha kupozea maziwa havina kinga. Jenereta hukaa miezi bila kuhitajika, kisha ikaitwa usiku mmoja, mvua ikinyesha, mama akiwa chumba cha kujifungulia na chanjo zikiwa kwenye jokofu ambalo linapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Wakati huo aliye karibu na mashine mara nyingi si fundi. Ni mlinzi, muuguzi wa zamu, au mhudumu wa pampu aliyeachiwa ufunguo.

Makala haya yanamlenga mtu huyo. Yanaeleza kazi ya sehemu ya umeme inayodhibiti jenereta, anachoweza kukagua mwenyewe bila hatari, na mahali anapotakiwa kuondoa mkono na kupiga simu.

Kidhibiti hufanya nini hasa

Kila jenereta kubwa ya dizeli ina kisanduku chenye kioo kidogo, taa na vitufe. Wengi hukiita paneli. Ndani yake mna kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayotumia umeme wa betri, kwa kawaida volti 12 au, kwenye mashine kubwa, volti 24. Kidhibiti hicho kina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: kuwasha injini na kuruhusu umeme utoke. Ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ni kuzima injini kabla haijajiharibu au kumdhuru mtu.

Paneli ikiwa kwenye hali ya "Auto", kidhibiti hutazama stima ya Kenya Power muda wote. Stima ikipotea, husubiri sekunde kadhaa kuhakikisha si kukatika kwa muda mfupi tu, kisha huzungusha stata. Injini isipowaka hupumzika kidogo na kujaribu tena. Vidhibiti vingi hupangwa kujaribu mara tatu, halafu huwasha taa nyekundu na kunyamaza. Injini ikiwaka, kidhibiti hupima kama umeme umefika kiwango chake: volti 240 kwa laini moja, volti 415 kwa laini tatu, na masafa ya hezi 50. Jenereta nyingi za dizeli hufikia hezi 50 injini inapozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hapo ndipo swichi ya chenjiova, ile inayochagua kati ya stima ya laini na ya jenereta, huhama na jengo kupata mwanga.

Stima ikirudi, mashine haizimi papo hapo. Husubiri dakika chache kuona kama stima imetulia, hurudisha jengo kwenye laini, kisha huendelea kunguruma bila mzigo ili injini ipoe. Watu wengi hudhani imeharibika kwa sababu "stima imerudi na haitaki kuzima," wakaifuata na kubonyeza kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura. Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Injini inayozimwa ghafla ikiwa na joto kali huumia, na kitufe kikiachwa kimezama ndani, jenereta haitawaka mara nyingine itakapohitajika.

Kwa hakika, kabla ya kumwita mtu yeyote, hicho kitufe ndicho cha kwanza kutazamwa. Kikiwa kimezama, huachiliwa kwa kukizungusha kidogo au kukivuta, baada ya kuhakikisha hakuna mtu aliyekibonyeza makusudi kwa sababu anafanya kazi kwenye mashine.

Jenereta iliyonyamaza si jenereta iliyokufa

Hatari ya kwanza kwa anayechungulia jenereta ni kwamba mashine iliyo kwenye "Auto" inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Haitoi onyo la kutosha. Mtu aliyeinama akitazama mkanda wa feni, huku kitambaa au mkono wa shati ukining'inia, hana nafasi ya kujiokoa stima ikipotea dakika hiyo.

Kwa hivyo kabla ya kufungua mlango wa kibanda cha mashine kwa ajili ya ukaguzi, paneli huwekwa kwenye "Stop", na kitufe chekundu hubonyezwa. Ikiwa kazi itahusu kugusa waya au injini yenyewe, chaja ya betri huzimwa, halafu waya wa hasi wa betri hufunguliwa. Hasi hutangulia kutoka na huwa wa mwisho kurudi. Sababu yake ni rahisi: spana ikiwa kwenye chanya na kugusa bodi ya mashine wakati hasi bado imefungwa, umeme wote wa betri hupita kwenye spana hiyo, nayo hugeuka nyekundu mkononi. Volti 12 hazimshtui mtu, lakini zinaweza kumchoma vibaya.

Baadaye karatasi ibandikwe kwenye paneli, imeandikwa jina la anayefanya kazi na maneno "usiwashe". Kufuli ni bora zaidi. Katika vituo vyenye zamu, mtu wa zamu ya jioni hajui aliyoacha mwenzake wa mchana, na nia yake njema ya kurudisha kila kitu kwenye "Auto" inaweza kuua.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wachanga hulipuuza. Hata jenereta ikiwa imezimwa na betri imefunguliwa, bado ndani yake kunaweza kuwa na volti 240. Chaja ya betri hupata umeme kutoka kwenye laini ya stima. Mashine nyingine zina hita ya kupasha maji ya injini joto ili iwake haraka, nayo pia hutumia stima ya laini. Na kwenye kabati la chenjiova, upande mmoja una stima ya Kenya Power hata kama jenereta imelala. Kabati hilo lina vyanzo viwili, na kuzima kimoja hakuzimi kingine. Ndiyo sababu mtu asiye fundi hafai kulifungua kabisa, hata kwa kutazama tu, na fundi mwenyewe hupima kwanza kwa mita kabla ya kuweka mkono. Testa ya bisibisi inayouzwa kila duka la vifaa haitoshi kuthibitisha kwamba waya hauna umeme.

Paneli inasema nini

Mashine ikikataa kuwaka au ikizima yenyewe, karibu kila mara kidhibiti hueleza sababu. Huiandika kwenye kioo, au huwasha taa yenye alama: kopo la mafuta, kipimajoto, betri. Mhudumu mwenye haraka hubonyeza kitufe cha kufuta kosa na kujaribu tena. Mashine nyingi hukumbuka makosa ya nyuma, lakini si zote, na kilichofutwa kinaweza kupotea. Jambo la kwanza ni kuandika maneno yaliyo kwenye kioo, au kukipiga picha kwa simu, pamoja na saa. Picha hiyo moja inaweza kumwokoa fundi saa mbili za kubahatisha, na kumwokoa mwenye mashine gharama ya safari ya pili ya fundi.

Kuna tofauti pia kati ya onyo na kuzimwa. Onyo, kwa kawaida taa ya manjano, humaanisha mashine inaendelea lakini kuna jambo haliko sawa, kwa mfano betri haichajiwi. Kuzimwa, taa nyekundu, humaanisha kidhibiti kimeona hatari na kimesimamisha injini. Sababu za kawaida ni presha ya oili kushuka, maji ya injini kuchemka, injini kwenda kasi kupita kiasi, au volti kuwa chini au juu mno.

Ukimya kabisa

Tuseme stima imepotea na jenereta haitoi hata sauti. Kioo cha paneli kiko giza au kinapepesa. Mafundi wengi wa jenereta wataanzia kwenye betri, na kwa sababu nzuri, kwani betri iliyochoka ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya jenereta kukataa kuwaka.

Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Paneli nyingi huonyesha kipimo hiki zenyewe, kwa hivyo hakuna haja ya kushika waya wowote. Ikisoma 12 au chini ya hapo, betri ina njaa. Lakini 12.6 pia si uthibitisho. Betri ya miaka mingi inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia, kisha ikaanguka chini ya volti 9 stata inapoanza kuvuta, na hapo kidhibiti chenyewe huzimika. Dalili yake ni kioo kuwaka vizuri, stata kutoa mlio mmoja wa "tak", na kila kitu kuingia giza.

Kabla ya kulaumu betri, vichwa vyake hutazamwa. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale waya unapofungwa huzuia umeme kupita. Waya uliolegea hufanya vivyo hivyo. Kusafisha na kukaza ni kazi ambayo mhudumu anaweza kuifanya, mradi amefuata utaratibu wa kuzima ulioelezwa, amevaa glavu na miwani, na hakuna moto wala sigara karibu. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inaweza kuipasua.

Swali linalofuata ni kwa nini betri iliisha. Kidhibiti hula umeme kidogo kidogo mchana na usiku, hata jenereta ikiwa imelala, na ni chaja inayorudisha. Chaja ikizimwa, betri huisha polepole bila mtu kujua hadi siku ya mahitaji. Si ajabu kukuta soketi ya chaja imechomolewa ili mtu achaji simu. Mara nyingine fyuzi yake imekatika. Mhudumu anaweza kutazama kama soketi iko "on" na taa ya chaja inawaka. Fyuzi ndani ya paneli aachiwe fundi. Fyuzi hukatika kwa sababu, na kuweka kubwa zaidi au kuifunga kwa waya ni kuhamisha tatizo kutoka kwenye fyuzi ya bei ndogo hadi kwenye waya zote za mashine.

Inazunguka lakini haishiki

Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isishike, umeme wa betri hauna lawama. Hapa hukaguliwa dizeli kwenye tangi, na si kwa kuamini geji pekee, kwani nayo hudanganya. Valvu ya dizeli iwe wazi. Tangi likiwa liliisha kabisa kisha likajazwa, huenda hewa imeingia kwenye mipira na lazima itolewe na anayejua. Kwenye injini nyingi kuna valvu ndogo ya umeme inayofungua dizeli mashine inapoagizwa kuwaka. Isipopata umeme, injini itazunguka hadi betri iishe bila kuwaka. Fundi huitambua kwa kusikiliza.

Kushikilia kitufe cha kuwasha hakusaidii. Sekunde 10 zinatosha kwa jaribio moja, kisha stata ipumzike angalau nusu dakika. Ikishindwa mara tatu, iachwe. Stata iliyoungua ni bei nyingine kabisa.

Inawaka kisha inazima

Hali hii ndiyo inayowajaribu watu zaidi. Injini inawaka, inakwenda sekunde kadhaa au dakika kadhaa, taa nyekundu inawaka na inazima. Mhudumu anafuta kosa, inawaka tena, inazima tena. Wagonjwa wako gizani, na mtu mmoja katika kundi lililokusanyika anasema anajua dawa: kuchomoa waya wa kihisi cha oili, au kuuunganisha moja kwa moja ili mashine "isisumbue".

Mashine haitasumbua, ni kweli. Itaendelea kunguruma hata ikiwa haina oili, hadi vyuma vishikane. Kazi ya oili ndani ya injini ni kutenganisha vyuma vinavyozunguka mara 1,500 kila dakika, na presha ikikosekana, uharibifu huanza mara moja. Kidhibiti kilizima injini kwa sababu hiyo. Aliyeunganisha waya amenunua dakika chache za mwanga kwa bei ya injini nzima, na kituo kitakaa miezi bila jenereta kikisubiri bajeti.

Ni kweli pia kwamba kihisi chenyewe kinaweza kuwa kibovu, au waya wake umeliwa na panya, na injini haina shida yoyote. Hutokea, hasa kwenye mashine za zamani. Lakini hilo hujulikana kwa fundi kufunga geji nyingine na kupima presha halisi, si kwa kukisia.

Anachoweza mhudumu ni hiki. Mashine ikiwa imezimwa na paneli iko kwenye "Stop", apime oili kwa kijiti chake, mashine ikiwa mahali tambarare. Ikiwa chini ya alama, aongeze aina ile ile. Ikiwa kosa ni joto, atazame kama mkanda wa feni upo, kama rejeta imezibwa na vumbi, na kama mlango wa kibanda au madirisha ya hewa yamefungwa. Vibanda vya jenereta hugeuzwa stoo kwa urahisi sana: magodoro mabovu, viti vilivyovunjika, magunia, vyote vikiwa vimezuia hewa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji hayo yako chini ya presha na huruka usoni yakiwa yanachemka.

Oili na maji vikiwa sawa, na mashine ikazima tena kwa kosa lile lile, hapo ndipo mwisho wa kazi ya mhudumu. Hakuna kujaribu mara ya tatu.

Inanguruma, lakini hakuna mwanga

Huanzwa kwenye breka kuu ya jenereta. Mkono wake ukiwa umesimama katikati, si juu wala chini, umejiangusha wenyewe, kwa kawaida kwa sababu ya mzigo kuzidi. Jenereta iliyoandikwa kVA 20 haitoi kilowati 20. Kwa hesabu ya kawaida hutoa takriban 16. Birika moja la umeme hula karibu kilowati 2, na mota ya pampu inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi ya inachohitaji ikishazunguka. Vifaa visivyo vya lazima vizimwe, breka ishushwe hadi chini kabisa, kisha ipandishwe mara moja. Ikianguka tena, kuna kosa kwenye waya au kifaa fulani, na kuilazimisha ni kukaribisha moto.

Ikiwa breka iko juu lakini paneli inasoma volti sifuri, kasoro iko kwenye sehemu inayozalisha umeme au kwenye kirekebisha volti chake. Jenereta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa inaweza pia kupoteza ule usumaku mdogo unaoianzisha. Kuurudisha ni kazi ya fundi. Ndani ya kabati hilo mna pia koili za kupimia mkondo, na mtu akifungua waya zake mashine ikiwa kazini, volti za kutisha hujitokeza kwenye ncha zilizoachwa wazi. Mtu asiyejua waya hizo ni zipi asifungue wowote.

Stima inayorudi nyuma

Hatari inayofuata haimhusu mwenye jenereta peke yake. Baadhi ya wakazi wenye jenereta ndogo za petroli huunganisha nyumba kwa waya wenye plagi ya dume pande zote mbili: mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Taa zote za nyumba huwaka, na mwenye nyumba huona ameokoa pesa za chenjiova.

Asilojua ni kwamba umeme huo hauishii nyumbani. Swichi kuu ikiwa haikuzimwa, hupita kwenye mita hadi kwenye transfoma ya kijiji. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 415 na 240 hufanya kazi pande zote mbili: ikilishwa 240 kutoka chini, hutoa maelfu ya volti juu. Fundi wa Kenya Power aliyepanda nguzo kurekebisha laini anayeamini imezimwa hukutana na umeme huo kutoka kwenye nyumba moja iliyo mbali. Na stima ya kawaida ikirudi jenereta ikiwa bado imeunganishwa, jenereta yenyewe inaweza kulipuka au kushika moto. Plagi ya upande wa pili, ikichomoka ukutani, huwa na umeme kwenye vijiti vyake wazi, tayari kwa mkono wa mtoto.

Njia salama ni mbili tu: kuchomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mzuri wa kurefusha, au kufungiwa chenjiova na fundi mwenye leseni. Chenjiova iliyofungwa vizuri haiwezi kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja, hata mtu akitaka.

Kwa jenereta hizo ndogo, sehemu ya udhibiti ni sahili zaidi. Nyingi zina kihisi cha kiwango cha oili kinachozima cheche oili ikipungua, kwa hivyo mashine inayokataa kuwaka huku ina petroli hupimwa oili kwanza. Zisiwashwe ndani ya nyumba, dukani, veranda iliyofungwa au karibu na dirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki. Aliye macho huumwa kichwa na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Petroli nayo huongezwa injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Mtu akipigwa na umeme, asiguswe kabla chanzo hakijazimwa. Kwenye jenereta, kitufe chekundu ndicho njia ya haraka zaidi, na hapo ndipo kilipowekewa. Kisha apigiwe simu 999 au 112, na kama hapumui, anayejua kufufua mapigo ya moyo aanze mara moja.

Kumwita fundi, na kumwambia nini

Kazi ya kufunga na kurekebisha mifumo ya umeme nchini hufanywa na mafundi wenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni hizo zina madaraja, na mwenye mashine ana haki ya kuomba kuiona kabla ya kazi kuanza. Fundi wa injini, hata awe hodari vipi, si lazima awe fundi wa umeme.

Anapopigiwa simu, kauli ya "jenereta imekufa" haimsaidii. Kinachomsaidia ni maneno yaliyoandikwa kwenye paneli, volti ya betri, saa ilipozima, ilikuwa imebeba mzigo gani, idadi ya saa ambazo mashine imefanya kazi kama inavyosomeka kwenye kioo, na chochote kilichoguswa tangu hapo, hata kama aliyekigusa anaona aibu kusema.

Habari hizo hupatikana kwa urahisi pale penye daftari la mashine. Jenereta ya dharura huwashwa angalau mara moja kwa mwezi, ikiwa na mzigo halisi na si kunguruma mtupu, na muda wa kutosha injini ipate joto. Vituo vingine hufanya kila wiki. Siku ya jaribio huandikwa tarehe, volti ya betri kabla ya kuwasha, presha ya oili, joto, volti na hezi, na jina la aliyewasha. Betri iliyokuwa 12.7 mwezi wa Machi, 12.5 Aprili na 12.2 Mei inaomba kubadilishwa, na bado kuna muda wa kuinunua mchana, duka likiwa wazi.

Waya wa stima ulioanguka, au jirani anayeshukiwa kurudisha umeme kwenye laini, huripotiwa kwa Kenya Power kwa nambari 97771. Waya huo usikaribiwe hata kama eneo zima liko gizani, kwani jenereta ya mtu mmoja inatosha kuupa uhai.